Hifadhidata ya Jengo la Pili

Pale hospitali walimwita Mama Deki, ingawa hakuwa mama wa mtu. Wengi waliomwita hivyo hawakuwahi kumuuliza jina lake, na yeye hakujisumbua kuwaambia. Jina gani litasikika kwenye korido ndefu kuliko mlio wa ndoo ya magurudumu? Wakisikia ndoo, wanainua miguu. Ndoo ikipita, wanaishusha, na maongezi yanaendelea.

Kuzaa hakuzaa, na sababu haikuwa ugonjwa. Ile miaka ambayo wasichana wenzake walikuwa wakichumbiwa, yeye alikuwa na mtoto mgongoni asiye wake. Mama yao alifariki akamwacha mtoto mchanga wa kiume, hata kukaa hajaweza, na baba akamwita binti yake mkubwa akamwambia, "Mwanangu, utabaki nyumbani kwa muda, umwangalie mwenzio." Wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuunganisha herufi. Alikuwa amefika kwenye ma, me, mi. Sare yake ya shule ilifuliwa, ikakunjwa vizuri, ikawekwa juu ya kabati isije ikachakaa, maana si alikuwa anarudi? Panya ndio walioivaa.

Basi hiyo "kwa muda" ndiyo iliyokula ujana wake wote. Alifua nguo za watu, akafagia nyua za watu, na mtoto akakua, akaingia shule, akatoka na akili zake. Aliporudi kutoka chuoni na miwani na maneno mapya, dada yake alikuwa ameshaajiriwa hospitali, na ndiye aliyewasikia wakubwa wakilalamika kwamba mtu wa kompyuta ameacha kazi. Hakungoja zamu iishe. Aliitelekeza ndoo katikati ya korido, akaenda kusimama mlangoni kwa afisa utumishi, viatu vya plastiki mkononi asije akamchafulia zulia, akasema, "Mtu huyo mnayemtafuta ninaye nyumbani."

Ndivyo mdogo wake alivyoingia pale. Haukupita muda, wote wakawa wanamwita Injinia, na dada akabaki na ndoo yake. Hakuona vibaya. Kila alipopita mlango wa ofisi yake alipunguza mwendo kidogo ili amwone amekaa kwenye kiti kinachozunguka, na siku nzima moyo wake ulikuwa mweupe.

Injinia akajenga nyumba, akaoa, na dada akapewa chumba cha uani chenye mlango wake. Wifi yake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ulimi tu.

"Wifi, leo hospitali nzima umeihamishia hapa? Hiyo dawa ya choo inanukia mpaka kwenye mboga!"

"Vumilia, wifi yangu. Hiyo ndiyo iliyomsomesha mumeo."

Wanacheka, wanapeana sahani. Hizo ndizo zilizokuwa salamu zao za jioni.

Hospitalini palikuwa na chumba kimoja mwisho wa korido ya chini, baada ya chumba cha picha za mifupa, ambacho wafanyakazi walikiita Friji. Humo zilikaa seva, zile mashine kubwa nyeusi, zimepangwa kwenye rafu kama masanduku kituoni, taa zake ndogo za kijani zikipepesa. Kiyoyozi kilivuma humo mchana na usiku, maana mashine hizo zikipata joto zinaumwa. Wasafishaji wengine hawakuruhusiwa kuingia. Mama Deki peke yake ndiye aliyeruhusiwa, kwa sababu Injinia alimwamini. Alimfundisha kukamua tambara mpaka liwe nusu kavu, asiburute ndoo ndani, asiguse waya wala swichi. Akishamaliza sakafu, alimwaga beseni lililowekwa chini ya kiyoyozi kukinga maji, maana kilikuwa kizee, kinavuja na kukohoa.

Baridi ya mle ilimwingia kwenye mifupa. Alikuwa akivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na mlinzi wa korido hakukosa neno.

"Mama Deki, siku moja tutakukuta humo umeganda kama samaki."

"Nikiganda, wewe ndiye utakayenibeba. Anza kula vizuri."

"Nikubebe na sweta zote hizo? Nitaita kreni!"

Sasa, Jumapili moja wakiwa uani baada ya chakula, alimuuliza mdogo wake jambo ambalo lilikuwa likimkaa rohoni. "Hivi zile mashine za Friji ni za nini? Mbona kila mtu ana kompyuta yake mezani?"

Injinia alipenda kuulizwa. Akasogeza kiti. "Dada, zile kubwa unazoziona ni chache. Ndani ya kila moja zimo kompyuta nyingine nyingi usizoziona. Chukulia ni jumba la wapangaji. Ukuta ni mmoja, paa ni moja, lakini kila mpangaji anaona ana nyumba yake. Maabara ni mpangaji, duka la dawa mpangaji, mapokezi mpangaji."

"Na mwenye nyumba?"

"Yupo Msimamizi. Naye ni kompyuta. Kazi yake ni kujua nani yuko kwenye mashine ipi, nani aamshwe, nani ahamishwe pakizidiwa. Lakini kichwani hana kitu. Kila kitu anakihifadhi mahali tunapopaita hifadhidata. Ukimnyang'anya hiyo, ni kama mtu aliyezinduka kitandani hajui yuko mji gani."

"Maskini."

"Usimwonee huruma, ni chuma. Sasa ugomvi ulikuwa hapo: hifadhidata ikae wapi? Ikikaa palepale na Msimamizi ni rahisi, hakuna waya mrefu wa kukusumbua. Ila Msimamizi akipata ajali, wote wawili wamekwenda. Ikikaa mbali, kwenye mashine yake yenyewe, iko salama, ila hapo roho yako iko mikononi mwa waya wa kufika huko. Mkurugenzi kaamua iwe mbali. Jengo la pili. Wakaguzi wanakuja, wanataka hivyo."

"Kwa hiyo umeipeleka."

Injinia akacheka, akajivuta sikio. Tangu mdogo, akiwa na jambo la kuficha, mkono ulikwenda sikioni wenyewe. "Waya wa jengo la pili mvua ikinyesha tu unakatika. Nimempa mmoja wa wale wapangaji wa Friji anitunzie. Ukiangalia kwenye taarifa, inasomeka kama iko jengo la pili. Kwa muda tu, dada. Waya ukitengemaa naihamisha."

Mambo ya waya na wapangaji mengine yalimpita. Lakini lile neno halikumpita.

"Kwa muda," akarudia. "Mdogo wangu, hilo neno mimi nimelijua kabla yako."

"Wifi, mwache mume wangu," wifi akadakia huku akikusanya sahani. "Utamtisha mpaka na yeye aombe kazi ya deki."

Wakacheka, ikaishia hapo. Waya wa jengo la pili ulitengenezwa. Mvua zikanyesha, zikaanuka. Wakaguzi walikuja, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakaondoka. Hifadhidata ikabaki kwa mpangaji.

Siku yenyewe ilipofika ilianza kama siku nyingine. Asubuhi Mama Deki alipiga deki Friji, akamwaga maji ya beseni, akatoka akafunga mlango. Kiyoyozi alikiacha kinavuma. Alikuwa wodi ya wazazi, anasugua chini ya vitanda, aliposikia watu wa maabara wanapiga kelele kwamba kompyuta zimekufa. Mara duka la dawa nao. Mara mapokezi. Alipochungulia kwenye ngazi alimwona mdogo wake anakimbia na feni kila mkono, tai imemzunguka mpaka mgongoni.

Kile kiyoyozi kizee kilikuwa kimezimika chenyewe. Joto likapanda, na zile mashine zikajizima kama zilivyofundishwa, zisije zikaungua. Injinia alifungua milango, akapanga feni, chumba kikapoa. Kiyoyozi nacho, kama mtu aliyeshtuka usingizini, kikaanza kuvuma tena bila kuambiwa. Watu wakapumua. Wakasema, haya, sasa awashe tuendelee.

Akawasha. Pakawa kimya.

Jioni hiyo alikuja kukaa kwenye kizingiti cha chumba cha uani, miwani mkononi, uso umemshuka. Dada yake alikuwa anachambua mchele. Alijua mtoto wake, akikaa hivyo, maneno yanakuja yenyewe.

"Dada, nimejifungia nje."

"Wapi?"

"Mle. Mashine kubwa zimewaka. Wapangaji wamelala, wanangoja Msimamizi awaamshe. Msimamizi naye kaamka, anatafuta hifadhidata yake ili ajue nani yuko wapi. Na hifadhidata iko kwa mpangaji. Na mpangaji kalala."

"Si umwamshe mwenyewe kwa mkono?"

"Nilizifunga zile mashine zisimsikilize mtu yeyote isipokuwa Msimamizi. Ili wezi wasiingie." Akatoa kicheko kikavu. "Wezi hawakuingia. Mimi ndiye niliyekwama. Ingekuwa jengo la pili, saa hizi hata wangekuwa wameshasahau."

Alilia kidogo, mtu mzima yule, mwenye nyumba na mke mjamzito. Dada yake aliweka ungo chini, akampikia chai, akamshika kichwa kama zamani. "Kesho nenda kwa Mkurugenzi umwambie. Kosa linasameheka."

"Nitamwambia."

"Niahidi."

"Nitamwambia, dada."

Siku zilizofuata hospitali ilirudi kwenye kupiga kelele. Majina yaliitwa kwa mdomo, dawa zilitolewa kwa kukisia, na majibu ya vipimo yalikuwa yamefungiwa kwa mpangaji aliyelala. Palikuwa na mwanamke mmoja aliyekuja kufuata majibu ya uvimbe wa titi. Kila siku alikaa benchi lilelile, mkoba mapajani, na kila siku Mama Deki alisugua sakafu kuzunguka miguu yake.

"Bado, mwanangu?"

"Wanasema kesho."

Mama Deki aliinamisha uso kwenye tambara lake. Aliona aibu kama vile yeye ndiye aliyeyaficha majibu hayo. Alimwomba Mungu kimoyomoyo mdogo wake apige moyo konde aseme, na kila alipokutana naye kwenye korido alimtazama usoni kutafuta kama ameshasema.

Hatimaye Injinia alilazimika kubomoa ulinzi aliouweka mwenyewe, mashine baada ya mashine, mpaka akampata mpangaji wake, akamwamsha, na hospitali ikaamka. Watu walimpongeza. Walimpigia makofi kwenye korido. Na yule mwanamke wa benchi akapata majibu yake. Yalikuwa mabaya. Kama yangebadilika kwa kuja mapema, hilo Mama Deki hakuwa na wa kumuuliza.

Siku hiyohiyo Injinia alimfuata kwenye chumba cha mafagio, akasimama mlangoni.

"Dada, asubuhi ile ulipiga deki Friji?"

"Nilipiga. Siku gani sijapiga?"

"Kiyoyozi ulikigusa?"

"Nilimwaga beseni lake."

"Sikuulizi beseni. Swichi."

"Sijaigusa."

"Una hakika? Maana wewe na baridi mnajuana. Labda ulizima kidogo ukasahau kuwasha."

Alisimamisha fagio. "Mdogo wangu, mbona unaniuliza kama polisi? Umeshamwambia Mkurugenzi?"

"Naulizia tu," akasema, akageuka akaenda zake upesi, na hakumtazama usoni hata mara moja.

Hapo ndipo kitu kilipomchoma. Alijiambia, hapana, si huyu. Huyu nimemtafunia chakula mdomoni. Na jinsi alivyojiambia hivyo mara nyingi, ndivyo alivyozidi kujua.

Kikao kilifanyika ofisini kwa Mkurugenzi. Alikuwepo afisa utumishi, alikuwepo mlinzi wa korido, na Injinia alikuwa amekaa mkono wa kuume wa Mkurugenzi. Mama Deki alikaribishwa kiti akakataa. Kilikuwa cha kitambaa cheupe, na sare yake ilikuwa imetoka vyooni.

"Injinia, tueleze kwa kifupi," Mkurugenzi akasema. Alikuwa mtu wa sauti ya upole.

"Kiyoyozi kilizimika, joto likapanda, mashine zikajizima. Joto lile lilimwathiri sana Msimamizi, ndiyo maana kazi ikawa ndefu. Bahati nzuri hifadhidata ilikuwa jengo la pili, kama ulivyoelekeza. Bila hivyo tungepoteza kila kitu."

Mkurugenzi akatikisa kichwa, ameridhika na maelekezo yake. "Hongera kwa hilo. Sasa kiyoyozi kilizimikaje?"

"Tumekikagua, kinafanya kazi."

"Kwa hiyo kuna aliyekizima."

"Inawezekana."

Hilo neno lilidondoka mezani, dogo tu. Mama Deki alilitazama kama mtu anayetazama nyoka ndani ya kapu la nguo.

"Nani aliingia asubuhi ile?" afisa utumishi akauliza.

"Msafishaji," Injinia akajibu.

Hakusema dada. Alisema msafishaji.

Mlinzi akaulizwa, naye, maskini, hakuwa na nia mbaya. "Mwingine hakuingia. Mama Deki tu. Huwa analalamikia baridi ya mle, anavaa sweta mbili, na mimi huwa namtania... lakini ni utani tu, mheshimiwa."

"Mama, baridi ilikuzidi ukazima kidogo?" Mkurugenzi akauliza, upole uleule.

"Sikukizima."

"Pengine uligusa bila kujua."

"Mkono wangu naujua. Sikukigusa."

Afisa utumishi akafungua viganja. "Mheshimiwa, huyu Injinia ni mdogo wake wa damu. Hospitali nzima inajua. Mtu gani atamsingizia dada yake? Kama hata yeye hamtetei, sisi tunangoja nini?"

Ndivyo undugu wake ulivyogeuzwa kuwa ushahidi. Kama angeshtakiwa na mtu baki, pengine wangesita. Lakini kwa kuwa kisu kilikuwa mkononi mwa mtoto aliyemlea, kila mtu aliona kinakata haki.

"Naomba niulize swali moja tu," Mama Deki akasema.

"Uliza, mama."

Akamgeukia mdogo wake. Sauti yake ilikuwa ya nyumbani, ile ya kumuuliza kama amekula. "Mdogo wangu, hiyo hifadhidata ilikuwa wapi?"

Afisa utumishi akacheka puani. "Mama, hayo ya kompyuta tuachie wenyewe."

"Mwache ajibu," Mama Deki akasema. "Ni yeye ninayemuuliza."

Injinia alitazama meza. Mkono ukapanda polepole mpaka sikioni, ukalishika, ukalivuta. "Si nimeshasema? Jengo la pili."

Dada yake akasubiri. Ndani ya mdomo wake ilikuwepo sentensi nzima, tayari, imeiva: ilikuwa Friji, kwa mpangaji, alinieleza mwenyewe kwenye kizingiti changu akilia. Wangeweza kucheka, lakini Mkurugenzi angetuma mtu mwingine akachungulie, na angeikuta. Alijua hivyo. Alimfikiria wifi yake na tumbo lake. Lakini msije mkadhani huruma ndiyo iliyomfunga mdomo. Alichotaka kwa mdogo wake hakikuwa kazi ya deki. Alitaka aseme mwenyewe. Ukweli wa kung'olewa kwa koleo ungemrudishia ndoo, usingemrudishia mtu. Akampa nafasi, akaendelea kumpa, akimtazama sikio lile likiwa jekundu. Feni ya darini ilizunguka. Mkurugenzi akakohoa.

Injinia akashusha mkono, akaurudisha mezani.

"Sina lingine," Mama Deki akasema.

Unga ukamwagika hapohapo. Mkurugenzi alisema kwa upole kwamba jambo kama hilo lingeweza kufika polisi, lakini kwa heshima ya Injinia na kazi kubwa aliyoifanya, wataliacha liishe kimyakimya. "Shukuru una ndugu," akamwambia.

Alirudisha sare na funguo za chumba cha mafagio. Mlinzi alimsindikiza mpaka getini, akijikuna shingo. "Mama Deki, ule ulikuwa utani. Wallahi ulikuwa utani."

"Najua, baba. Wewe huna lako."

Nyumbani alikuta wifi ameshaambiwa, lakini ameambiwa yaliyosemwa kikaoni. "Ah, wifi jamani, na wewe! Ungeongeza hata sweta ya tatu kuliko kumzimia mwenzio kiyoyozi." Alitaka kuchekesha, kama kawaida yao. Mama Deki alimtazama, na wifi akaacha kucheka, hakujua kwa nini.

Jua lilipokuwa linazama Injinia alikuja uani. Safari hii hakukaa kwenye kizingiti.

"Dada."

Alikuwa anakunja nguo zake kitandani. Hakugeuka.

"Nimeihamisha leo. Nimeipeleka jengo la pili kweli, kwenye mashine yake. Haitatokea tena."

"Vizuri."

"Wangenifukuza, dada. Mkopo wa nyumba, mtoto anakuja. Wewe kazi kama ile utapata popote. Na hapa upo, unakula, unalala. Ni kwa muda tu, mambo yakitulia nitasema mwenyewe, nitakurudisha."

Hapo aligeuka. Alimtazama toka kichwani mpaka miguuni, kama anamtafuta mtu mwingine aliyesimama nyuma yake. "Nilikuuliza mbele ya watu," akasema. "Nilikuuliza polepole."

Injinia akasema jambo ambalo hata yeye lazima lilimshangaza. "Ungewaambia basi. Kwa nini hukuwaambia?"

Dada yake aliendelea kukunja nguo. Mtu akikuuliza hivyo, ameshakujibu mambo yote.

Alihama kesho yake. Mwenzake wa zamani wa deki, aliyekuwa na chumba ng'ambo ya soko, alimpa nafasi ya godoro. Baadaye akapata kazi kwenye nyumba ya wageni, kufua mashuka. Ni kazi ya kusimama, na maji yake ni ya moto, kwa hiyo sweta hazihitaji tena. Wenye nyumba wanamwita "mama wa mashuka." Wakimuuliza kama ana watoto husema alilea mmoja. Wakimuuliza yuko wapi, husema yupo, ana kazi nzuri.

Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua. Kwa kuwa hasomi, simu yake aliijua kwa milio. Mdogo wake ndiye aliyempangia: mwenzake wa deki alilia kama kengele, wifi kama ndege, na yeye mwenyewe alijiwekea wimbo mfupi wa kubembelezea mtoto, uleule ambao dada yake alimwimbia. Alipouweka walicheka sana. Sasa ulilia kila jioni, katikati ya mashuka, na yeye alisimama na mikono yenye povu akiusikiliza mpaka ukatike. Hakuipokea. Lakini ule wimbo ulikuwa unamchana.

Akaenda kwa fundi simu, kijibanda cha karibu na soko.

"Nitolee huu mlio."

Fundi akausikiliza, akatabasamu. "Mbona mzuri, mama? Wa nani?"

"Wa mdogo wangu."

Tabasamu likamwisha. "Pole. Alifariki?"

"Hajafa."

Fundi akamtazama mara moja, akainamia simu. "Nifute na namba yake kabisa?"

Mama Deki alishika ukingo wa meza. Nyuma yake mtu aliyekuwa anangoja chaja alianza kuguna. "Namba iache," akasema. "Toa mlio tu. Alie kama watu wengine."

Fundi akafanya alivyoambiwa. Tangu hapo mdogo wake akawa analia kama mtu yeyote, kama mwenye nyumba ya wageni anayeuliza mashuka ya juu yamekauka, kama mtu aliyekosea namba. Na kwa sababu hiyo, jioni moja aliyokuwa akianika, alifuta mkono kwenye kanga akapokea.

"Haloo."

Upande wa pili ilisikika pumzi, kisha kwa mbali sauti ya kichanga kinacholia.

"Dada," Injinia akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Dada, umenipokea."

Alisimama kati ya mashuka mawili yaliyolowa, maji yakimdondokea begani. Alikisikiliza kile kichanga mpaka kikanyamaza.

"Sikujua ni wewe," akasema.